Vitabu vya Vita na Biashara Tulivyovisikiliza: Maoni Yetu



Mkutano wa mwaka wa matawi yetu ya Thika na Ruiru umekaribia, na katika mambo yatakayoulizwa liko moja ambalo wengine wenu mmelicheka, nalo ni fedha za elimu. Pendekezo lililoletwa lasema kwamba fedha zote za mwaka ujao zilipwe kwa kampuni ya ng'ambo iuzayo vitabu vya kusikiliza kwa simu, ili wawakilishi wetu wa viwandani na mashambani wapate kuijua historia ya vita na historia ya uchumi, wasiende mezani kwa mwajiri na kichwa kitupu. Kabla ya kura kupigwa, sisi wa kamati ya elimu tuliambiwa tuvisikilize vitabu hivyo kwanza. Tumevisikiliza tangu mvua za masika. Maoni yetu ni haya, nayo ni maoni tu. Asiyekubali na ainue mkono mkutanoni.

Kwanza mjue tulivyosikiliza. Jumapili alasiri tulikutana katika chumba cha tawi la Thika, watu kumi na wawili hata ishirini, simu moja imetiwa ndani ya sufuria tupu ili sauti ivume. Wenzetu wa Ruiru wachumao kahawa walisikiliza shambani, simu imetundikwa kwenye tawi la mbuni, maana wakati wa kuchuma mikono ndiyo ina kazi, masikio hayana. Wa zamu ya usiku walisikiliza ndani ya matatu wakienda na wakirudi, kama dereva hakuwa na muziki wake. Ndani ya jumba la mashine hapana aliyesikiliza, wala hatutaki asikilize. Katika neno hilo sisi na wakubwa wa kazi tuna kauli moja: mtu aliyeziba masikio karibu na mkanda unaozunguka hamsikii mwenzake akipiga kelele.

Twavipenda vitabu hivi, na ni haki kusema hivyo kabla ya kulaumu. Mzee wetu mmoja aliyefanya kazi ya mananasi maisha yake yote, macho yamemwisha, herufi hazioni. Mwaka huu amemaliza vitabu viwili vinene kuliko vyote alivyopata kushika mkononi. Akina mama wapangao maua walisikiliza wakipika. Kitabu cha karatasi chataka taa, kiti, na mtu asiyechoka. Kitabu cha sauti chataka mtu aliye macho tu, na hata hilo si kila mara: dada mmoja alilala vita vikiwa Tanga, akaamka tumekwisha kufika Rufiji.

Basi tuanze na vita. Vitabu vingi vya vita vya 1914 hata 1918 katika Afrika ya Mashariki vinampenda mtu mmoja, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Wajeremani. Vyasimulia jinsi alivyowapiga Waingereza na askari wao wa Kihindi Tanga mwezi wa Novemba 1914, jinsi alivyosukumwa toka Kilimanjaro hadi Rufiji, akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji, akarudi tena asishikwe, mpaka akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Ni hadithi tamu, hatukatai. Tumeisikia mara tatu kwa sauti tatu mbalimbali, na mara zote tatu chumba kilikaa kimya.

Walakini kitabu cha vita bila ramani ni taabu. Kilichochapwa kina ramani, mtu huifunua akatazama akarudi aliposoma. Sauti haina ramani. Yule asomaye asema kwamba kikosi kiligeuka kaskazini magharibi ya mto fulani, nasi twatazamana. Kwa hiyo tulichora Afrika ya Mashariki sakafuni kwa chaki, vizibo vya soda vyekundu vikawa Waingereza, vya buluu Wajeremani. Mwenzetu wa Taita akatuonyesha kilima cha Salaita, kwani kwao ni karibu. Hapo Waingereza na Waafrika Kusini wao walirudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916. Tukaendelea kusogeza vizibo hata tukafika kusini kabisa ya ukuta. Ndipo kijana mmoja wa kiwanda cha nguo akauliza, "Na hawa watu wanakula nini?"

Ndugu zetu, swali hilo halikujibiwa na kitabu. Tulikipeleka mbele, tukakirudisha nyuma, hakuna. Basi tukapiga hesabu wenyewe. Tuseme mpagazi abeba ratli 50 za unga. Tuseme ala ratli 2 kwa siku, na hiyo si shibe kwa mtu mwenye mzigo. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, amekula ratli 40 za mzigo wake mwenyewe, na askari aliye mbele apata ratli 10. Kambi ya mbele ikiwa mwendo wa siku 12 na nusu, askari hapati kitu. Yaani ili mtu mmoja apige bunduki, lazima wawepo watu wengi nyuma yake wabebao unga wa kulisha wabebaji wenzao. Sasa tulielewa kwa nini Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni 1 katika vita vile, na kwa nini kadiri jeshi lilivyokwenda kusini ndivyo serikali ilivyozidi kuwachukua watu vijijini kwa nguvu, hasa mwaka 1917. Jenerali ye yote, awe Mjeremani awe Mwingereza, aliongozwa na hesabu hiyo. Mvua za mwaka ule zilipojaza Rufiji na njia zikakatika, njaa haikuuliza mtu cheo chake.

Wapagazi waliokufa na kuandikwa ni zaidi ya 90,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, kwa homa, na kwa unga usioiva. Mshahara ulikuwa rupia 5 au 6 kwa mwezi. Wengi walikufa na mishahara yao haijachukuliwa, na fedha hizo hazikufika kwa jamaa zao. Wako maofisa waliosema baada ya vita kwamba fedha hizo zirudishwe zikafanye kazi ya kuwafaa watu wa nchi, lakini wakubwa wa London hawakukubali. Yaliyobaki ni majina ya mitaa: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi, limetamkwa kwa midomo yetu. Watu wangapi hununua vikapu Kariokor na hawajui?

Katika kitabu kimoja tulichosikiliza, mambo haya yote yalikwisha kabla chai haijachemka. Maneno mawili juu ya jua kali, moja juu ya idadi ya waliokufa, kisha tukarudishwa kwa jenerali na baiskeli yake. Huo ndio ugomvi wetu na vitabu vya vita. Hatusemi jenerali asisifiwe. Twasema kwamba mtu asiyeeleza unga ulifikaje mbele hajaeleza vita, amesimulia mchezo wa mpira bila kutaja mpira. Kitabu kizima juu ya wapagazi kipo, kiliandikwa na Geoffrey Hodges kikatoka mwaka 1986, lakini katika orodha ya vile vya kusikiliza tulivyoonyeshwa hatukukiona.

Neno juu ya wale wanaosoma. Wengine wana sauti nzuri kabisa, hawana haraka, na mtu aweza kuwasikiliza saa tatu. Wengine husoma vifo vya watu elfu kama wasomavyo bei ya mafuta ya taa. Na majina yetu, masikini! Mmoja alitamka Ruiru kwa namna ambayo tulidhani ni mji wa Ufaransa, tukamsikiliza dakika tano nzima kabla ya kujijua kwamba tuko nyumbani. Tena hesabu: macho huweza kusimama juu ya namba, sikio haliwezi. Namba ikipita imepita kama treni. Mwandishi atakaye kusikilizwa na wafanyakazi atwambie kitu kilinunua nini, si kilikuwa pauni ngapi tu.

Hapo ndipo twaingia katika vitabu vya uchumi, na hapa, kwa kweli, tulishangaa, maana tulivitazamia viwe vya kulaza watu.

Tulianza na kile cha Adam Smith cha mwaka 1776 juu ya utajiri wa mataifa, kwa sababu ni bure. Wako watu wa kujitolea, waitwao LibriVox, walioanza mwaka 2005, wasomao vitabu vya zamani kwa sauti na kuvitoa pasipo malipo kwa mtu ye yote. Ubaya wake ni kwamba sura hii yasomwa na huyu, sura ile na yule, mmoja ananong'ona na mwingine anapiga kelele, nacho ni kirefu kama reli. Hatukukimaliza, na hatutamlazimisha mwanachama akimalize. Lakini katika sura ya mishahara yuko Smith akisema kwamba mabwana wa kazi siku zote wana mapatano ya kimya kimya ya kutopandisha mishahara, na kwamba mapatano hayo hayasikiki kwa kuwa ndiyo hali ya kila siku. Tulisimamisha simu tukafasiri, na chumba kizima kikapiga makofi. Wengi walikuwa wameambiwa kwamba Smith ni mtu wa upande wa matajiri tu.

Wafanyakazi wa nguo walikichagua kile cha Sven Beckert cha mwaka 2014 juu ya dola ya pamba. Hicho twakisifu. Mwandishi huyu hatengi vita kabatini huku na biashara kabatini kule. Asema mwanzo wa biashara kubwa ya pamba ulikuwa ni mabavu, ardhi iliyonyang'anywa na watu waliotiwa utumwani, na viwanda vya Manchester vilikuja juu ya msingi huo. Aonyesha jinsi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hata 1865, vilivyokata pamba ya Uingereza, na kwa hiyo mkulima wa Misri na wa India akasukumwa kulima pamba badala ya chakula. Mtu aliyesimama Thika mbele ya mashine ya kufuma, ambaye ameona viwanda vya nguo vikifungwa katika miaka ya 1990 mitumba ilipofunguliwa mlango, haelewi kitabu hiki kwa kichwa tu. Lawama yetu ni moja: ni kirefu mno, na mambo ya nchi nyingi hupishana upesi hata sikio likachoka.

Watu wa Ruiru nao walichagua kahawa, kitabu cha Augustine Sedgewick cha mwaka 2020 juu ya El Salvador na bwana mmoja Mwingereza, James Hill, aliyetoka Manchester akawa mfalme wa kahawa huko. Kitabu chaeleza jinsi mashamba yalivyofyeka miti ya matunda na vyakula vingine vya bure, ili mtu asiyefanya kazi asiwe na cha kula, na jinsi chakula cha mchana kilivyotumiwa kumvuta mtu kazini. Wachumaji wetu wa kahawa, ambao hulipwa kwa debe, walisikiliza sura hiyo mara mbili. Mama mmoja akasema, huko walitumia njaa, huku kwetu walitumia kodi. Tumeandika neno lake hapa kwa sababu hatukulisikia katika kitabu cho chote. Baba zetu hawakuacha mashamba yao kwenda kupalilia kahawa ya mzungu kwa kupenda. Kodi ya kichwa na ya nyumba ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kwa mzungu. Tena hapa kwetu, mpaka miaka ya 1950, Mwafrika hakuruhusiwa kupanda kahawa hiyo yeye mwenyewe.

Sasa sikilizeni jambo ambalo tulilitafuta katika vitabu vyote vya sauti tusilipate, nalo ni jambo lililotupata sisi hasa.

Kabla ya vita vya kwanza, pauni moja ya Kiingereza ilikuwa rupia 15. Baada ya vita thamani ya rupia ilipanda kwa sababu ya bei ya madini ya fedha, na mwaka 1920 serikali ikaikaza rupia kuwa shilingi 2 za Kiingereza, yaani pauni moja ikawa rupia 10. Mwenye shamba wa Thika aliyeuza kahawa London akapata pauni moja, zamani alirudi nyumbani na rupia 15. Sasa alirudi na rupia 10. Na mishahara aliilipa kwa rupia. Theluthi moja ya fedha yake ilikuwa imepotea katika karatasi za serikali, pasipo mbuni kukauka hata mmoja. Juu ya hayo bei za mazao nazo zikaanguka. Je, theluthi hiyo waliitafuta wapi? Mwaka 1921 waajiri wa kizungu walipatana wapunguze mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Na mishahara hiyo ilikuwa ya watu wale wale waliorudi kutoka Kariakoo, kodi imekwisha kupandishwa, na kipande kimetundikwa shingoni tangu mwaka ule wa 1920.

Hapo ndipo alipotokea Harry Thuku, karani wa simu katika ofisi ya hazina ya serikali, akasema mbele ya watu juu ya kipande, kodi na mshahara. Akakamatwa tarehe 14 Machi 1922. Tarehe 16 watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kutaka afunguliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akawatia wanaume haya, bunduki zikapigwa. Serikali ilihesabu maiti 21, yeye akiwa mmoja wao. Katika vitabu vya siasa habari ya Thuku yapatikana. Katika vitabu vya vita, vita vimekwisha mwaka 1918. Katika vitabu vya fedha, rupia ilibadilishwa, basi. Mtu asikilizaye hivi vitatu mbalimbali hataona kwamba ni habari moja: wapagazi, rupia, risasi.

Msidhani twachimba makaburi bure. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa zaidi ya shilingi 160 za Kenya. Kufika katikati ya mwaka ule ilikuwa karibu 129. Sote tulifurahi, maana petroli na unga wa ngano ni vitu vya kununua nje. Lakini mwajiri auzaye mananasi, maua au kahawa ng'ambo, kwa dola ile ile alipata shilingi zilizopungua kwa karibu moja ya tano, na mishahara ailipa kwa shilingi. Mwakilishi anayeijua habari ya 1921 atauliza mara moja: moja ya tano hiyo itatafutwa wapi? Na atauliza la pili, ambalo ni tamu zaidi: shilingi ilipokuwa ikianguka miaka iliyotangulia, na dola ile ile ikaleta shilingi nyingi, ziada hiyo ilikwenda wapi? Asiyeijua ataonyeshwa hesabu za mwaka mmoja tu, naye atazisikitikia.

Mfano wa pili tuusemee kwa ufupi. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi, na katani za huko zikawapotea Waingereza na Marekani. Kamba za meli na za jeshi zitoke wapi? Zilitoka Afrika ya Mashariki, na mashamba ya katani ya Thika na Juja yalikuwamo. Mwaka ule ule serikali ya Kenya ilitoa amri ya kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi katika mashamba ya walowezi yaliyoitwa ya lazima kwa vita, katani ikiwa moja. Katika vitabu vya Burma twasikia juu ya askari wetu wa King's African Rifles katika bonde la Kabaw mwaka 1944, nasi twashukuru, kwani ni ndugu zetu nao walikuwa hodari. Mkata katani aliyepelekwa kwa amri hakupewa medali wala sura. Na katani ni mmea wenye miiba, mwulizeni ye yote aliyeikata.

Kiko kitabu chenye jina la mji wetu, The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley, kilichotoka mwaka 1959, nacho chapatikana katika sauti. Ni kumbukumbu ya utoto wa binti wa mlowezi tangu 1913 mpaka vita vikaja, si kitabu cha vita wala cha uchumi, lakini wengi walikitaka. Kimeandikwa vizuri. Mwandishi alikuwa na macho, na baadhi ya vichekesho vyake vyawapiga wazungu wenzake sawasawa. Tulichokiona ni kwamba watu waliofyeka lile pori na kuchimba mashimo ya kahawa wamo ndani yake kama mvua ilivyomo: hufika au hufanya inda, na hapana aulizaye mvua mshahara wake. Kisikilizeni. Lakini msikisikilize peke yake.

Hapo Juja, katikati ya Ruiru na Thika, aliishi tajiri wa Kimarekani, William Northrup McMillan, aliyepigana upande wa Waingereza katika vita vile vile vya Lettow-Vorbeck akapewa cheo cha Sir. Alipokufa mkewe alimjengea maktaba Nairobi, ikafunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia akasoma. Twaikumbusha habari hii kwa sababu wako waliosema kwamba vitabu vya simu ni mlango ulio wazi kwa wote. Ni wazi kwa mwenye bando na mwenye Kiingereza. Karibu vyote tulivyovitaja ni vya Kiingereza. Jumapili tulisimamisha simu kila dakika kumi, mmoja akafasiri kwa Kiswahili, mwingine akaongeza aliyoambiwa na babu yake. Tukiulizwa ni saa gani iliyokuwa bora, tutajibu kwamba ni ile simu iliponyamaza.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Fedha za elimu zisilipwe zote kwa kampuni. Nusu yake yatosha kulipia simu mbili za chama, moja Thika na moja Ruiru, za kusikilizia pamoja. Nusu ya pili itumike kurekodi sauti zetu. Wazee waliofanya kazi ya miwati, ya katani, ya kahawa, ya kufunga mananasi katika mikebe, walipiwe nauli na chakula cha mchana, waje waseme kwa lugha waitakayo: mshahara ulikuwa kiasi gani, ulinunua nini, nyapara alisemaje, mgomo ulianza siku gani na ulikwishaje. Akina mama hasa, maana ndio wengi katika kuchuma, na ndio wachache katika vitabu. Vitabu vya watu wengine vyenye haki ya mwandishi hatuwezi kuvisoma na kuvitawanya, sheria yakataza na ni haki ikataze. Lakini yaliyotupata ni yetu, hapana wa kutuomba ada.

Mwanachama mmoja wa Ruiru ametuandikia kwamba historia hailipi kodi ya nyumba, na kwamba fedha hizi afadhali ziongezwe katika mfuko wa matanga. Barua yake ni ya adabu, nasi twamheshimu. Nyumba anayopanga, atupe ruhusa kusema, imejengwa juu ya ardhi iliyokuwa kahawa. Msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa kahawa kiasi cha tani 130,000. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa yakavunjika, bei ikaanguka, na siku hizi hatufikii hata nusu ya tani zile. Mashamba yakawa viwanja, wachumaji wakawa wapangaji, na kodi ikapanda. Aliyeyaona hayo yote kwa macho yake ni mama yake mwenyewe mwandishi wa barua, kwa maneno yake. Tungependa mama huyo awe wa kwanza kurekodiwa, kama atakubali.

Kura ni mkutanoni. Kabla ya siku hiyo, mwenye kipande cha babu yake, au cheti cha kuachishwa jeshi, au karatasi ya mshahara ya zamani, akilete chumbani mwa tawi Jumapili alasiri. Tutakipiga picha na kumrudishia papo hapo. Sufuria ya simu ipo, na ya chai nayo ipo.